Msumari wa Kwato

Mashine ililia mara mbili, mlio mfupi, mkavu,
kama mtu anayekohoa ili asikilizwe.
Shamba la Harm Oosting, Drenthe, viazi vimekwisha kung'olewa,
mvua ya Oktoba hainyeshi, inaning'inia tu.
Nikapiga magoti. Kwenye kina cha shubiri moja
udongo ukanipa lori.

Lori la mtoto, refu kama kidole changu cha kati,
zinki imevimba vimba kama unga uliotiwa hamira,
wekundu umebaki nyuma ya bampa tu,
mdogo, kama hina ya mwezi jana kwenye ukucha.
Magurudumu matatu. La nne nililitafuta hadi giza,
mashine ikanipa vifuniko vya bia.

Ya kale hayanuki, husemwa.
Hili lilinuka: kutu, mbolea, kiazi kilichooza.
Nikalilaza mezani juu ya gazeti,
taa yangu ya kazi ikaliinamia.

Miaka thelathini na mmoja nimechonga meno ya bandia mjini Assen.
Najua kuziba pengo hata ulimi usitambue.
Nina msasa laini kuliko poda,
nina vikoleo, nta, burashi ya nywele tatu,
na kopo la rangi nyekundu nililonunua Jumanne
kabla sijajiuliza chochote.

Jelmer, mwanangu, anapiga simu kutoka Zwolle:
"Mama, livue kutu, lipake, livishe tairi mpya,
kuna mtu atatoa euro mia mbili na themanini."
Kisha, baada ya kimya: "Ila wengine wakiona rangi mpya
wanarudisha mkono kama waliogusa jiko."
"Sasa nifanye lipi?"
"Mimi najua bei tu, Mama."

Nikachovya pamba majini. Nikafuta polepole.
Tumboni kuna namba za kiwanda, mbili hazisomeki.
Na ekseli ya mbele si ekseli.
Ni msumari. Kichwa cha pembe nne,
ncha imekatwa, ikagongwa, ikapindwa
ili isichome vidole.
Hilo halikufanyika kiwandani.
Mtu amewahi kukaa kama mimi chini ya taa,
lori limevunjika mbele yake,
na mtoto, nadhani, amesimama karibu mno.

Nikipitisha msasa, huyo ndiye nitakayemfuta kwanza.

Jumamosi nikalipeleka kwa Harm katika kopo la majani ya chai.
Shamba ni lake, nusu ni yake; ndivyo tulivyopatana.
Hakuvaa miwani. Alipitisha kidole gumba chini ya lori,
kikasimama penye msumari.
"Wa kwato," akasema.
"Baba hakuwa na ekseli. Alikuwa na farasi."
Nikangoja aniambie lilikuwa la nani, lake
au la Wubbo, kaka yake, ambaye nyumba ile haimtaji.
Akasukuma gurudumu. Halikuzunguka. Akasukuma tena.
"Lipake, usilipake, shauri lako," akasema,
"mimi viazi vinanisubiri ghalani,"
na akanirudishia lori kwa mikono miwili.

Usiku nikatia tone moja la mafuta penye msumari.
Nikangoja chai ipoe. Nikalisukuma.
Robo mzunguko,
mchanga ukasaga ndani,
halafu nusu.
Hapo nikaacha.

Sisemi nimeamua. Nimeamua leo.
Wiki ijayo pengine nitaliona lile doa jekundu la bampa
na mkono utaniwasha.

Kopo lilikuwa wazi, rangi imeanza kuota ngozi.
Nikatoka nalo nje, na tochi mdomoni,
nikapaka kisanduku cha barua, chote, hadi bawaba,
vibaya, kwa haraka,
matone juu ya viatu.